Krampeti za Kiingereza nyumbani, na kwanini zako hazitoi matundu

Wale mnaoishi Uingereza mnazijua, zile duara nene zinazoenea kiganjani, chini kahawia juu nyeupe zina matundu kibao kama sega la nyuki, zinauzwa sita sita kwenye pakiti ya nailoni. Krampeti. Wenyewe wanazila asubuhi au ile saa kumi jioni na chai, hasa kukiwa na baridi, na ukiwauliza zinapikwaje wengi wanakwambia sijui mi nanunua tu. Kwahiyo nimejifunza mwenyewe kwa kuharibu, na nimeharibu nyingi, ndo maana naandika hapa ili we uharibu chache.

Mara ya kwanza nimefika Manchester ilikuwa mwezi wa kumi na moja, ile baridi ya kukata masikio, nikanunua pakiti nikala moja hivo hivo ya baridi nimesimama jikoni na koti sijalivua. Jamani. Sponji ya kuoshea vyombo ina afadhali. Nikasema hawa watu kweli hawana chakula. Kumbe mshamba ni mimi, krampeti hailiwi bila kuchomwa kwenye tosta, na ikishachomwa bila siagi bado haijawa krampeti. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kiingereza mtu mzima sana, ndo alinionesha, akachoma mpaka kingo zikawa kavu zinalia ukizigonga na kisu, akakata siagi ya chumvi kipande kikubwa mpaka mi nikaona aibu kwa niaba yake, siagi ikayeyuka ikazama kwenye matundu yote, ukiuma inakutiririkia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hapo nikaelewa yale matundu yamewekwa kwa kazi gani.

Siku ile ile nikamwonesha mama kwenye simu ya video, yuko Tanga, akasogeza uso kwenye kioo akaangalia weee akasema "mwanangu, hivyo si vibibi, ila vimenyimwa nazi?" Na hajakosea sana ujue. Vibibi vyetu na krampeti ni ndugu wa kazi ingawa si wa damu, rojo jepesi, hamira, kikaango, moto kutoka chini tu, na juu kunatoboka. Tofauti ni kwamba vibibi ni mchele na tui na iliki na sukari, krampeti ni ngano na chumvi haina utamu wowote, na ni nene mara tatu ya kibibi. Kwahiyo kama umekulia pwani na umeshawahi kusimama nyuma ya mtu anayepika vibibi, nusu ya kazi unaijua tayari, macho yako yanajua rojo lililoiva likoje.

Historia kidogo alafu tuingie jikoni. Krampeti za zamani hazikuwa hivi, zilikuwa nyembamba na ngumu ngumu zinapikwa juu ya bamba la chuma. Mwaka 1769 mwanamama anaitwa Elizabeth Raffald, aliyekuwa na duka lake hapa hapa Manchester, alichapisha kitabu cha mapishi na ndani yake kuna krampeti za chai. Huu ulaini wa kama sponji na haya matundu ni mambo ya karne ya 19, enzi za malkia Victoria, watu walipoanza kuzitia hamira vizuri na baadae bekingi soda au bekingi pauda. London enzi hizo kulikuwa na wachuuzi wa mafini na krampeti wanatembea mitaani sinia kichwani limefunikwa na kitambaa zisipoe, kengele mkononi, ukisikia kengele unatoka na senti zako. Mi nikisoma hivo namuona muuza kahawa wa kwetu anavyogonga vile vikombe vyake, yani biashara ni ile ile tu mji umebadilika. Na walikuwa wanazichoma majumbani kwa uma mrefu mbele ya moto wa makaa, tosta haijazaliwa.

Haya. Kabla ya vyote shida ya kwanza ni ringi.

Krampeti inapikwa ndani ya ringi ya chuma, duara lisilo na chini wala juu, unaiweka kwenye kikaango unamimina rojo ndani yake ndo inapata ule unene. Ringi zinauzwa, tafuta za upana wa kama sentimita 9 na kimo kama sentimita 2 na nusu. Zile za kukaangia mayai mara nyingi ni fupi mno, rojo likipanda linamwagika, ila kama ndo unazo basi utamimina kidogo. Nne zinatosha maana kikaango cha kawaida hakiingizi zaidi ya nne, na hata tatu ni sawa.

Watu watakwambia tumia kopo la tuna, kata juu kata chini tayari umepata ringi ya bure. Mi nilifata huo ushauri. Kwanza makopo mengi ya siku hizi chini yamekunjwa kwa mviringo, kopo halina ukingo, kile kikata kopo hakishiki, nikahangaika nusu saa nikajikata kidole. Pili ndani yana rangi ile ya kupakwa kiwandani na mi sitaki kuichoma nikala. Tatu, sijui niseme tu, ya kwanza ilinukia samaki. Kwahiyo achana nayo. Kama una kikata biskuti cha chuma cha duara kirefu kidogo hicho kinafaa kabisa, chuma lakini, sio cha plastiki, kuna mtu alinitumia picha ya plastiki imeyeyuka kwenye kikaango sitamtaja.

Na kama huna ringi kabisa usiache kupika. Mimina bila ringi, itatambaa itakuwa nyembamba kama chapati ya maji ndogo yenye matundu, na hiyo ina jina lake kabisa, pikileti. Huku kaskazini na kule Uingereza ya kati watu wanakula pikileti tangu zamani, na neno lenyewe limetoka kwa Wawelishi. Kwahiyo ukikosa ringi hujakosea, umepika kitu kingine chenye heshima zake. Ila ukienda Uskochi ukaomba krampeti usishangae kuletewa kitu chembamba kama pankeki, kule ndo yao ilivo.

Kikaango kiwe kizito. Chuma cha kusubu ni bora kuliko vyote, cha nonstiki kizito ni sawa, kile cha bati jepesi kinachoyumba yumba kitakuunguzia chini kabla juu haijashtuka.

Sasa vitu vyenyewe, napika kiasi kinachotoa krampeti 9 au 10. Unga wa ngano gramu 300, ni kama vikombe viwili na nusu vya kupimia, na mi nachanganya nusu unga wa mkate, ule wenye nguvu, na nusu unga wa kawaida. Unga wa mkate peke yake unatoa krampeti ya kutafunika sana kama mpira, wa kawaida peke yake matundu yanakuwa dhaifu yanaporomoka, ukichanganya unapata katikati. Kama upo sehemu una unga mmoja tu wa ngano wa kupikia chapati na maandazi, tumia huo huo utakula vizuri tu usinisumbue. Hamira ya chenga ndogo, ile ya haraka, kijiko cha chai kimoja na nusu. Sukari kijiko cha chai kimoja, ni ya kuipa hamira nguvu tu. Chumvi kijiko cha chai kimoja kamili, usiogope, krampeti bila chumvi ni karatasi. Maji ya vuguvugu mililita 250 na maziwa ya vuguvugu mililita 100. Alafu pembeni kabisa, kwa baadae, bekingi soda nusu kijiko cha chai na maji mengine ya vuguvugu kama mililita 60 mpaka 90. Siagi au mafuta ya kupaka ringi.

Kuna wanaotumia maziwa matupu. Sikatai, ila maziwa yana sukari yake ndani yanafanya chini iwe nyeusi haraka wakati juu bado rojo, na hii kitu inakaa kwenye moto muda mrefu. Maziwa kidogo ya kulainisha, basi. Hapo mi sibadiliki.

Na bekingi soda ni bekingi soda, sio bekingi pauda, na tafadhali sana sio magadi yale ya kupikia makande. Na nusu kijiko maana yake nusu kijiko kilichosawazishwa, sio kilichojaa kichuguu. Ukizidisha zinatoka na ladha ya sabuni, na siagi yote ya dunia haifichi.

Weka unga, hamira, sukari na chumvi kwenye bakuli kubwa, kubwa kweli maana litaumuka. Mimina yale maji na maziwa ya vuguvugu, vuguvugu ni ukitia kidole husikii moto wala baridi, ukimwaga ya moto umeua hamira na kila kitu nachosema baada ya hapa hakitakusaidia. Koroga na mwiko mpaka madonge yaishe alafu usiishie hapo, sasa ndo uanze kuchapa. Dakika tatu, nne, mpaka tano kwa nguvu, mkono uume. Watu wanaruka hapa kwasababu rojo limeshalainika wanaona basi. Kumbe kule kuchapa ndo kunavuta ile nguvu ya unga, inakuwa kama nyavu laini ya kushika hewa, bila hiyo hewa ya hamira inapita inapotea zake na wewe unabaki na chapati nene. Utajua limefika ukiinua mwiko linavutika kama utepe halikatiki katiki.

Funika na kitambaa weka sehemu yenye joto saa moja mpaka saa moja na nusu. Tanga ungeliweka popote. Manchester mwezi wa kwanza mi naliweka ndani ya oveni iliyozimwa nawasha taa yake tu, au karibu na hita, na bado wakati mwingine linachukua masaa mawili. Usiangalie saa, angalia bakuli. Unataka limepanda karibu mara mbili, juu limejaa vipovu vinapasuka vyenyewe, na likianza kubonyea katikati kama linachoka hapo ndo penyewe. Harufu yake kama ya mkate na uchachu kidogo.

Sasa hatua inayotofautisha krampeti na vitu vingine vyote. Chukua ile bekingi soda ikoroge kwenye maji ya vuguvugu mililita 60 kwanza, mimina kwenye rojo lako lililoumuka, koroga. Ndio, litashuka, ule uvimbe wote uliosubiri saa nzima utaona unakufa mbele ya macho yako, mi mara ya kwanza nilitaka kulia. Liache tu. Funika tena dakika 20 au 30 litarudisha vipovu.

Na hapa ndo tuongelee uzito wa rojo maana asilimia kubwa ya wanaoniuliza "mbona zangu hazina matundu" shida iko hapa hapa. Rojo la krampeti liwe jepesi kuliko la vitumbua na zito kidogo kuliko la vibibi. Kama mtindi wa kumimina. Ukichota na upawa ukamwaga literemke bila kusukumwa lakini lisiwe maji. Kila unga unakunywa maji kivyake ndo maana nimesema mililita 60 mpaka 90, anza na kidogo, zile zilizobaki ni za kurekebisha baada ya kupika ya majaribio.

Kwanini inatoboka? Sikiliza, kile kipovu kinazaliwa chini kwenye joto la kikaango, hewa ya hamira na ya soda pamoja na mvuke vinatanuka vinapanda juu, na kwasababu moto uko chini tu na rojo ni jepesi, kipovu kinapanda wima mpaka kinatokea juu kinapasuka. Vingine vinafata njia ile ile. Huku rojo la pembeni linaiva polepole kutoka chini kwenda juu linaganda kuzunguka ile njia, kwahiyo unabaki na mabomba madogo yaliyosimama. Sasa fikiria, rojo likiwa zito kipovu kinakwama njiani, unapata vitundu vya ndani kama mkate lakini juu kumeziba. Rojo likiwa maji sana vinapasuka na njia inajifunga tena, na linavuja chini ya ringi. Moto ukiwa mkali chini inaganda na kuungua kabla vipovu havijamaliza safari. Moto ukiwa mdogo kupita kiasi vipovu vinazaliwa taratibu vinachoka, juu kunakauka kabla havijafika. Ukielewa hii huhitaji kipimo changu tena, utakuwa unatazama tu krampeti yako inakwambia yenyewe inataka nini.

Tupike. Weka kikaango kwenye moto mdogo kuelekea wa kati, kwenye jiko langu la umeme lenye namba mpaka 9 mi naweka 4, kwako sijui, utajaribu. Kiache kipate moto dakika tano nzima, hii sio chapati ya kurusha haraka. Paka mafuta kidogo sana kikaangoni ufute na karatasi. Ringi zipake siagi ndani kila upande, na pembeni chini pia, usipopaka utazing'oa na kisu ukisonya. Weka ringi kikaangoni nazo zipate moto dakika mbili.

Pika MOJA kwanza. Naandika kwa herufi kubwa maana najua hamtanisikiliza. Mimina kama upawa mdogo, rojo lifike kimo cha sentimita moja na nusu, sio kujaza ringi mpaka juu, likijaa katikati haliivi na litabaki bichi la kunata. Alafu acha. Usiguse, usitikise, na usifunike. Najua vibibi tunafunika, mkono unakwenda kwenye mfuniko wenyewe, lakini krampeti inakaa muda mrefu, mvuke unakusanyika kwenye mfuniko unadondoka matone yanaziba matundu, mi nimeshafanya.

Dakika ya pili au ya tatu utaona vipovu vinaanza kuchungulia pembeni. Dakika ya nne ya tano vimejaa vinapasuka na vinaacha shimo. Kama umefika hapo vinapasuka na mashimo yanabaki wazi, shangilia, rojo lako liko sawa. Kama juu kumetulia tuli kama uji wa mgonjwa, rojo ni zito, ongeza maji ya vuguvugu vijiko viwili vitatu kwenye bakuli koroga kidogo. Kama limevuja chini ya ringi, umelifanya maji sana, nyunyiza unga kijiko kimoja koroga subiri dakika kumi. Hiyo ya kwanza iliyoharibika kula mwenyewe na siagi hakuna anayeona.

Krampeti inachukua dakika 7 mpaka 10 upande wa chini. Unangoja mpaka juu pote pakauke, hakuna sehemu inayong'aa maji maji, ukigusa na kidole haishiki. Kuna vipovu vitakuwa vimefika juu vikagoma kupasuka, chukua kijiti cha mshikaki vitoboe, sio kudanganya huko, hata wazoefu wanafanya. Ikikauka, shika ringi na koleo au kitambaa iko ya moto, inua, mara nyingi krampeti imeshajiachia yenyewe kingoni, ikigoma zungusha kisu chembamba. Geuza upande wa juu dakika moja tu, nusu dakika hata, lengo ni kuikausha rangi isichukue sana. Upande wa juu wa krampeti unatakiwa ubaki mweupe mweupe. Kama umeugeuza ukawa wa kahawia pande zote mbili umekaribia mafini, na ile ni kitu kingine, mafini ya Kiingereza inatoka kwenye donge la kukanda na inapikwa pande zote mbili sawa sawa alafu inapasuliwa katikati. Krampeti haipasuliwi. Ukimkatia Muingereza krampeti kwa ubavu kama mkate wa baga atakutazama tu kimya, na ule ukimya wao unaujua.

Toa weka kwenye waya wa kupoozea keki, sio kwenye sahani zitatoka jasho chini. Osha ringi haraka, paka siagi tena, endelea. Katikati ya kazi kikaango kinazidi kupata moto, kwahiyo kuanzia awamu ya pili punguza kidogo. Awamu ya tatu huwa ndo nzuri kuliko zote na sijui kwanini nasema hivi kila mtu anayepika chapati anajua.

Ukiionja hapo hapo ya moto ni nzuri ndio, ila ndani inanata kidogo utadhani haijaiva. Iache ipoe kabisa. Ndo ilivo, krampeti inapikwa mara mbili, mara ya kwanza kikaangoni mara ya pili kwenye tosta, kwahiyo wala usiwe na haraka unaweza kupika jioni ukala asubuhi. Kwenye tosta ipe muda mrefu kuliko mkate, mi nashusha mara mbili. Juu pawe na vidoa vya dhahabu na kingo zilie, ndani ibaki laini. Kama huna tosta weka chini ya grili ya oveni, au irudishe kwenye kikaango kikavu.

Siagi iwe siagi, sio majarini, na iwe imetoka nje ya friji mapema iwe laini. Paka ikiwa ya moto ile ile, subiri sekunde kumi izame, alafu paka tena. Baada ya hapo ni wewe. Wenyewe wanaweka jemu, asali, jibini iliyoyeyushwa juu, yai la kuchemsha kwenye maji bila ganda, au Marmite, ile lami nyeusi ya chumvi inayotengenezwa kwa hamira iliyobaki kwenye viwanda vya bia, nimejaribu mara tatu mi na Marmite bado tunaheshimiana kwa mbali. Nyumbani kwangu tunakula na asali na chai ya maziwa ya tangawizi, na siku moja nilimwagia tui zito lililochemshwa na sukari na iliki kidogo juu ya krampeti ya moto, likazama kwenye matundu. Nikampigia mama kumwambia vimeshapewa nazi.

Neno la angalizo kwa vijana mliofika juzi, krampeti mtaani kwao liliwahi kuwa neno la kumwita mwanamke mrembo, la kihuni huni hivi, la kizamani. Kwahiyo ukiwa kazini sema "nimepika krampeti" ishia hapo, usimtanie mtu nalo.

Kuhifadhi ni rahisi. Za nyumbani hazina dawa kwahiyo kwenye kopo lenye mfuniko zinakaa siku mbili, siku ya tatu zinaanza kukauka na ukungu unanyemelea. Za dukani zinakaa zaidi kwasababu pakiti inajazwa hewa ya kaboni dioksaidi kuzuia ukungu, ndo maana mwaka 2018 hewa hiyo ya viwandani ilipoadimika Ulaya, Warburtons, kampuni ya mikate, hawa wa Bolton walioanza na kiduka chao mwaka 1876, walilazimika kupunguza utengenezaji wa krampeti. Watu walilalamika huko usiulize. Wewe tumia friza, zikishapoa kabisa zipange kwenye mfuko zimetenganishwa na karatasi ya kuokea, mwezi mzima ziko salama, na unaitoa ikiwa barafu unaitumbukiza kwenye tosta hivo hivo bila kuyeyusha.

Rojo likibaki kidogo lisilojaza ringi usilimwage. Ondoa ringi zote, mimina kijiko kijiko kwenye kikaango, pikileti ndogo ndogo, dakika tatu tu zimeiva, na hizo watoto wanazila palepale jikoni kabla hazijafika mezani, kwangu sijawahi kuhesabu zinatoka ngapi.